CPU unaweza kuiuza mara nne, RAM usijaribu

Wakuu, swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaoanza kazi za datasenta ni hili: hosti (seva yenyewe ya chuma) ina kori 32 za prosesa, tumeshaweka VM (kompyuta za kuigiza zinazoishi ndani ya hosti) ambazo ukijumlisha vCPU zake (CPU za kuigiza) zinafika 110, sasa si tumezidisha? Na wanauliza kwa woga kabisa kama watu waliokutwa na mali ya wizi. Mi huwa najibu hapana, hujazidisha, ila niambie RAM umegawaje. Hapo ndo anaanza kujikuna kichwa, maana RAM nayo kaigawa hivo hivo, hosti ina GB 256 yeye kagawa 380 kwa sababu dashibodi ilimwonyesha zinazotumika ni 140 tu. Sasa tatizo lipo hapo na sio kwenye CPU, na naona watu wengi sana wanazitia rasilimali zote kwenye kapu moja wakati kila moja ina tabia yake.

CPU ni muda. Ile vCPU unayompa mteja sio kipande cha chuma, ni thredi tu, yaani mkondo wa kazi, ambayo haipavaiza (programu inayoendesha VM kwenye hosti) inaipanga foleni kusubiri prosesa, ikipata zamu inakimbia milisekunde kadhaa inashuka, anapanda mwingine. Na VM nyingi za maofisini zimelala, kuna ile ya mafaili, ile ya printa, ile ya mahudhurio ambayo watu wanaigusa asubuhi wakiingia na jioni wakitoka basi, kutwa nzima haina kazi. Ukirundika vCPU nne za aina hiyo juu ya kori moja hakuna atakayejua. OpenStack, programu huria ya kujengea klaudi yako, kwa miaka mingi ilikuwa ukiifunga bila kugusa kitu inakupa uwiano wa 16 kwa 1 kwenye CPU na 1.5 kwa 1 kwenye RAM, mi naamini wale jamaa walikuwa wanawaza maabara sio biashara ya watu, na baadaye wenyewe wakaja kuzishusha, CPU ikawa 4 na RAM ikawa 1 kavu. Nilivyoona hivyo nilicheka maana ndo namba ambazo mafundi wengi walikuwa wameshafika wenyewe kwa kuumia.

Ila hiyo 4 sio dini. Kwa VM za database zenye kazi nyingi mi naweka 1 kwa 1 au 2 kwa 1 ikibidi sana, na ninapohesabu nahesabu kori halisi sio thredi za prosesa (kori moja hujionyesha kama mbili), kwa sababu hizo thredi mbili za kori moja zinagombea mashine ile ile ndani na ya pili haikupi kori nyingine kamili. Kipimo chako kisiwe uwiano, kipimo ni foleni. Ukiwa ndani ya VM ya Linux fungua top angalia ile st mwisho wa mstari wa CPU, huo ni muda ambao VM yako ilikuwa na kazi mkononi lakini hosti ikawa inamhudumia mtu mwingine. Ikipanda kidogo ikashuka achana nayo, ikikaa kwenye asilimia 10 kutwa nzima jua hapo umebanana na majirani. Kwa wenye VMware (haipavaiza ya kulipia) kitu hicho kinaitwa ready, na hapa wengi wanajichanganya kwa sababu ile grafu ya muda halisi inakuonyesha milisekunde kwenye kipande cha sekunde 20, kwa hiyo ukiona 1000 maana yake asilimia 5, na kama VM ina vCPU nane inabidi ugawe kwa nane ndo upate ya kila moja. Nimeshaona mtu kapiga simu usiku kwamba klasta (kundi la hosti) inakufa kumbe kasoma jumla ya vCPU zote akadhani ni ya moja.

Sasa twende kwenye ugonjwa mkubwa wa mjini, VM nene. Mteja anakuja na karatasi ya muuzaji wa programu, imeandikwa vCPU 24 RAM 96, na muuzaji kaandika hivyo sio kwa sababu kapima, kaandika ili mfumo ukiwa mzito asilaumiwe. Watu wanadhani ukimpa VM vCPU nyingi umemfanyia hisani, wakati kwenye hosti yenye watu wengi unaweza ukawa umemfunga. Fikiria familia ya watu nane imesimama kituo cha Mwenge saa kumi na mbili jioni inataka daladala moja na wote wakae siti, abiria mmoja mmoja wanaokuja nyuma yao wanapanda wanaondoka, wao bado wapo. VMware za zamani zilikuwa kali hivyo hivyo kabisa, kori zote zipatikane kwa pamoja ndo VM itembee, siku hizi wamelegeza sana, na KVM, haipavaiza ya Linux, yenyewe haina masharti hayo, ila tatizo halikuisha limehamia ndani ya VM tu: thredi moja imeshika kufuli (la kuzuia nyingine zisiguse data ile ile), vCPU yake imeshushwa foleni, zile nyingine zinazunguka zinaulizia kufuli limeachiwa au bado, zinachoma CPU bure wakati mwenye kufuli kalala.

Afu kuna NUMA, hiki kitu hakizungumzwi vya kutosha. Seva ya soketi mbili, yaani prosesa mbili, kiuhalisia ni seva mbili kwenye boksi moja, kila prosesa ina RAM yake ya karibu, na ukitaka kusoma RAM ya upande wa pili unapita kwenye njia ya kati inayochelewesha. VM ikitosha ndani ya soketi moja, vCPU na RAM zote, iko safi. Ikizidi ndo inaanza kuvuka vuka. Yule mteja wa vCPU 24 ambaye namsema hosti zake zilikuwa na kori 16 kwa soketi, kwa hiyo VM yake ilikuwa imekaa mguu huku mguu kule, na ukiangalia matumizi ya CPU wiki nzima hayavuki asilimia 8. Tulibishana weee, mwisho wakakubali tushushe ziwe 8, ripoti zikaanza kutoka haraka kuliko mwanzo, na muuzaji akawaambia ni kwa sababu ya toleo jipya alilowawekea yeye. Sawa kaka, chukua sifa zako.

Haya, RAM. RAM sio muda, RAM ni sehemu, na sehemu ikikaliwa imekaliwa. CPU ukiizidisha watu wanasubiri kidogo, RAM ukiizidisha na wote wakaitaka siku moja mtu anatupwa kwenye diski, na tofauti ya kasi kati ya RAM na diski sio ya kusema utavumilia. Wataalamu wamehangaika na hili muda mrefu. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware alitoa andiko ambalo mpaka leo ukilisoma unaona haipavaiza zote zimetokea humo, kuna puto, yaani dereva anakaa ndani ya VM anaomba RAM kwa mfumo wa ndani kisha anairudisha kwa hosti, kuna kushirikisha kurasa (vipande vidogo vya RAM) zinazofanana ili VM kumi zenye mfumo mmoja zisiweke nakala kumi za kitu kile kile, na kuna kodi ya RAM iliyolala, hii naipenda sana, kwamba ukishika RAM hutumii unatozwa, na kwa kiwango chao cha kawaida cha asilimia 75 ukurasa uliolala unahesabiwa kama umeshika kurasa nne zinazofanya kazi. Linux nao wakaja na KSM yao kwenye kerneli (kiini cha Linux) 2.6.32 mwaka 2009, ambayo inazunguka inatafuta kurasa zinazofanana inaziunganisha.

Vitu vizuri, ila maisha yamebadilika. Kurasa za RAM ya VM siku hizi mara nyingi ni za MB 2 badala ya KB 4, na kupata kurasa mbili za MB 2 zinazofanana herufi kwa herufi ni bahati nasibu. Halafu wakaja watu wa usalama wakaonyesha kwamba ukurasa unaoshirikishwa unaweza kumpa jirani upenyo wa kuchungulia, na VMware mwishoni mwa 2014 wakaanza kuzima kushirikisha kati ya VM na VM, ukitaka unawasha mwenyewe kwa dhambi zako. Na puto ukiliachia kwenye VM ya Java au database unaua, kwa sababu Java imeshachukua GB 32 zake mwanzo kabisa na inazipitia zote ikifagia takataka, database nayo imeweka keshi humo kwa makusudi, hiyo RAM inaonekana imelala lakini ndo inayofanya mfumo uwe na kasi. Dashibodi ikikuambia zinazotumika ni 140 kati ya 380, inakuambia zilizoguswa muda si mrefu uliopita, haikuambii zitakazoguswa tarehe 28 mishahara ikianza kukokotolewa.

Kwa hiyo kwangu RAM ni 1 kwa 1, na hata hiyo 1 sio yote. Una hosti nne za GB 512, jumla 2048, usijidanganye kwamba una 2048 za kuuza. Hosti moja lazima ihesabiwe haipo, maana siku ikizima VM zake zinatakiwa zipate pa kuamkia, unabaki na 1536, toa ya haipavaiza yenyewe, na kama unatumia Proxmox (haipavaiza ya bure) na ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili) toa na ya ARC, yaani keshi ya ZFS kwenye RAM, ambayo kwa matoleo ya zamani ilikuwa na ruhusa ya kula mpaka nusu ya RAM ya hosti, siku hizi ukifunga upya wanaibana kwenye asilimia 10 na isizidi GB 16. Mtu ambaye kaboresha kutoka toleo la zamani bila kufunga upya bado ana ile ya zamani, nenda kaangalie sa hivi.

Tukija kwenye kupanga VM ipi ikae hosti ipi, hili kwenye vitabu ni lile tatizo la kujaza maboksi, una mizigo ya saizi tofauti unataka maboksi machache iwezekanavyo, na hakuna anayejua njia ya haraka ya kupata jibu bora kila mara. Njia ya fundi ya kupanga mizigo mikubwa kwanza, kila mmoja kwenye boksi la kwanza linalotosha, David Johnson alishaonyesha tangu 1973 kwamba haitakuzidishia zaidi ya kama 11 kwa 9 ya jibu bora, maboksi 9 yawe 11 hivi. Sio mbaya kabisa. Shida ni kwamba VM haziji zote kwa mpigo ukazipanga kwa ukubwa, zinakuja moja moja, hujui itakaa saa mbili au miaka sita, na boksi lina pande nyingi, CPU, RAM, diski, neti. Unaweza kukuta hosti RAM imeisha kori 20 zinapigwa na upepo, na ukinunua hosti nyingine ya aina ile ile unanunua kori nyingine za kupigwa upepo. Ndo maana kabla ya kuagiza chuma kipya mi naangalia kwanza kipi kinaisha mwanzo, kwa VM za hapa kwetu karibu kila mara ni RAM, basi ongeza vijiti vya RAM kama nafasi ipo, seva ngojea.

Wakubwa wana data ya kutosha kuchezea ubashiri. Microsoft mwaka 2017 walieleza mfumo wa klaudi yao ya Azure unaoitwa Resource Central, walichokiona ni kwamba VM za mteja yule yule huwa zinarudia tabia, kama za jana zilikaa nusu saa zikafutwa na za leo zitafanya hivyo hivyo, kwa hiyo wanabashiri CPU itakayotumika na kuzibananisha VM ambazo sio za uzalishaji, yaani hazihudumii watumiaji moja kwa moja. Sisi wa hosti nne hatuhitaji hayo, tunahitaji kuwajua wateja wetu. Na hapa ndo pana utamu wa kazi hii kwa maoni yangu, kwa sababu kilele cha kila mteja kina saa yake. Kampuni ya kubashiri mechi inapamba moto Jumamosi na Jumapili ligi za Ulaya zikicheza, mfumo wa mishahara unakimbia mwisho wa mwezi siku za kazi, tovuti ya kuangalia matokeo ya mitihani inalala mwaka mzima afu siku moja inataka kila kitu. Ukiweka kampuni mbili za kubashiri hosti moja kwa sababu skedyula (programu inayochagua VM ikae hosti ipi) iliona RAM ipo, Jumamosi jioni utazikuta zinang'ang'aniana koo. Ukimweka wa kubashiri na wa mishahara wanaishi kama ndugu, ila omba mwisho wa mwezi usiangukie karibu na wikiendi. Skedyula ya OpenStack kwa kawaida yake inasambaza, inapeleka VM mpya kwenye hosti yenye RAM nyingi iliyobaki, inafaa kwa amani ya siku hizi lakini inakuachia vipande vidogo vidogo kila hosti na siku anakuja mtu wa GB 128 huna pa kumweka ingawa kwa jumla unazo 300.

Na vile vitu viwili viwili jamani. Unamkuta mtu kaweka seva mbili za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kwa ajili ya usalama, zote ziko hosti moja. Au ziko hosti mbili lakini UPS moja. Kila haipavaiza ya maana ina sheria ya kutenganisha VM, iandike siku ile ile unayoziumba, maana usipoiandika siku ya kuhamisha hamisha zitakutana tu.

Kuhamisha VM ikiwa inatembea bado nakuona kama uchawi, hata baada ya kujua unavyofanyika. Jamaa wa Cambridge wa mradi wa Xen (haipavaiza nyingine) na wenzao mwaka 2005 walihamisha seva ya gemu ya Quake 3 watu wakiwa wanacheza, ikasimama kama milisekunde 60. Unanakili RAM huku VM inaendelea, kisha unanakili kurasa zilizobadilika, kisha zilizobadilika tena, mpaka zibaki chache unaisimamisha kidogo unamalizia upande wa pili. Hesabu yake sasa: VM ya GB 64 kwenye neti ya Gbps 10 ni kama sekunde 51 kwa kunakili mara moja tu kama neti ni yako peke yako, kwenye Gbps 1 ni karibu dakika tisa. Na kama VM inaandika RAM kwa kasi kuliko neti inavyobeba, haimalizi, utakaa unaangalia asilimia inarudi nyuma. Kwa hiyo neti ya kuhamishia iwe pembeni, isipite njia moja na wateja wala na storeji, na usawazishaji wa kiotomatiki wa mzigo kati ya hosti usiuweke kwenye ukali wa mwisho, VM zitakuwa zinahama hama kama wapangaji wenye madeni kwa faida ya asilimia mbili.

Diski sitaisema sana leo, ila jueni malalamiko mengi ya mfumo kuwa mzito wakati CPU iko asilimia 12 tu chanzo chake ni diski, jirani kaanzisha bakapu saa nane usiku, na wote mmeziweka saa nane usiku kwa sababu kila mtu anaamini hiyo saa ni yake peke yake. Zipishanishe, na kila VM iwekewe kikomo cha IOPS, yaani isome na kuandika diski mara ngapi kwa sekunde, tangu siku ya kwanza. Ukiweka kikomo baadaye mteja anaona umemnyang'anya, ukiweka mwanzo anaona ndo huduma ilivyo.

Wengine mtasema si tuhamie tu klaudi ya nje hizi habari ziishe. Haziishi, zinabadilika sura. Kwanza wengi hawajui kwamba EC2 ya Amazon, huduma yao ya kukodisha VM, iliyotoka 2006 sehemu kubwa ilijengwa Cape Town, na timu ya Chris Pinkham aliyetaka kurudi kwao Afrika Kusini, ingawa datasenta zao zenyewe zilichelewa kuja huko mpaka 2020. Zile mashine zao za bei chee za familia ya T ni ugawaji huu huu wa CPU ila umewekewa daftari la mkopo. t2.micro, mojawapo ya hizo, inapata krediti 6 kwa saa, krediti moja ni dakika moja ya vCPU ikiwa asilimia 100, maana yake una haki ya asilimia 10 tu kwa wastani. Asubuhi tovuti inaruka, saa sita mchana krediti zimeisha inatambaa, afu mtu anasema intaneti ya Tanzania mbovu. Hizo familia zao nyingine nyingi hawaziuzi mara mbili, lakini vCPU kwenye prosesa za Intel ni thredi, kwa hiyo vCPU mbili ni kori moja, usije ukalinganisha na vCPU za kwako ukadhani umeibiwa au umependelewa. Na wana sababu ya kutomchanganya mgeni na mgeni ndani ya kori moja, mwaka 2018 zilipotoka kasoro za prosesa zinazoitwa Meltdown na Spectre na baadaye L1TF ilionekana wazi kwamba thredi ya jirani kwenye kori ile ile inaweza kuchungulia, Linux ikaja kupata njia ya kupanga kwa kori nzima kwenye kerneli 5.14 mwaka 2021. Kama unahudumia benki na mtu wa mtaani kwenye hosti moja kalifikirie hili.

Kilichobadilisha hesabu zaidi miaka hii ni leseni. Broadcom walivyoinunua VMware Novemba 2023 wakapeleka kila kitu kwenye malipo ya kila mwaka kwa kori, na prosesa hata ikiwa na kori 8 unalipia 16. Kwa hiyo zile kori 20 nilizosema zinapigwa upepo, sasa zina bili. Wengi wamehamia Proxmox, sawa, ila ukitoka VMware kitu cha kwanza utakachokikosa ni DRS yao ya kusawazisha mzigo, ni kama mtu aliyekuwa anakuhamishia VM kimya kimya usiku bila kukuambia, na utagundua alikuwa anaficha mipango mibovu mingi sana ya kwenye klasta yako. Kabla ya kuhama toa orodha ya VM zote, vCPU ilizopewa, kilele cha matumizi ya mwezi mzima, sio wastani, na RAM, zipange kwa ukubwa kwenye Excel ya kawaida, halafu anza na zile nene. Mwambie mteja mapema kwamba zitapunguzwa, na karatasi ya muuzaji aje nayo mezani mkiwa na grafu.